Ziwa Lilipumzika, Deni Halikupumzika

Mei 15, 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika, na ikaruhusu tena Agosti 15. Kwa miezi mitatu, kuanzia mialo ya Kigoma hadi ile ya Katavi na Rukwa, mitumbwi ilivutwa nchi kavu, injini zikafunguliwa na kuwekwa ndani. Uamuzi huo haukuzuka. Ulitokana na makubaliano ambayo mawaziri wa nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, waliyasaini Lusaka Desemba 2021. Gazeti hili halina ugomvi na mapumziko hayo. Samaki wamepungua, na mvuvi yeyote wa Kibirizi au Katonga atakwambia hivyo kabla hujamaliza kumuuliza. Ugomvi wetu ni juu ya bili ya mapumziko, na jina la aliyeandikiwa kuilipa.

Aliyeandikiwa ni kibarua wa chombo. Mwenye chombo ana nyavu zake, ana injini, pengine ana duka na nyumba ya kupangisha mjini. Mfanyabiashara wa dagaa ana stoo. Mtumishi wa Serikali ana mshahara unaoingia hata ziwa likifungwa. Kibarua ana mikono miwili na jina lake limo kwenye daftari la madeni la mtu mwingine. Kumfungia mtu huyu ziwa kwa siku 92 bila kusema atakula nini ni kumbebesha mnyonge gharama ya kosa la wengi. Tunasema bila kumung'unya maneno: njia hiyo haitawaokoa hata samaki wenyewe.

Ili msomaji aliye mbali na ziwa atuelewe, tuingie kwenye mgawo, maana uamuzi wote wa mvuvi huanzia hapo. Usiku wa giza mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti inatoka. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanapanda kufuata mwanga, na wavu uliozamishwa unavutwa kutoka chini yao. Alfajiri mzigo unauzwa palepale ufukweni, kwa ndoo au kwa beseni. Kabla mtu hajashika shilingi, gharama zinatolewa kwanza: mafuta ya injini, chaji ya betri za taa, chakula cha usiku, ushuru. Kinachobaki hukatwa katikati. Nusu inakwenda kwa mwenye chombo, nusu wanagawana vibarua wote. Masharti hutofautiana kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, ila kiini chake ni hicho.

Tuweke namba za mfano, za kufanyia hesabu tu. Mzigo umeuzwa shilingi 400,000 na gharama ni 160,000. Zimebaki 240,000. Mwenye chombo anachukua 120,000, na vibarua sita wanagawana 120,000 nyingine, kila mmoja 20,000. Si haba. Sasa samaki wapungue nusu na bei ibaki palepale. Mzigo unauzwa 200,000, lakini injini haina habari kwamba samaki wamepungua; inakula mafuta yaleyale. Gharama ni zilezile 160,000. Zimebaki 40,000, nusu yake ni 20,000, gawanya kwa sita: kila kibarua anaondoka na shilingi 3,300 na senti zake. Samaki wamepungua nusu, kipato cha kibarua kimebaki moja ya sita. Mwenye chombo naye ameumia kwa kiwango hichohicho, hilo tunalikubali, ila yeye bado ana chombo, na wengi wao wana zaidi ya kimoja.

Hapo ndipo washauri wa mezani hukosea. Wanadhani mtu ambaye kipato chake kimeshuka kiasi hicho ataacha kazi hiyo atafute nyingine, na samaki watapata nafuu. Inaingia akilini, lakini sivyo ilivyo. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Joshua Cinner walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wavuvi wa vijiji vya pwani ya Kenya. Walimuuliza kila mmoja: mavuno yakishuka hivi, na yakishuka zaidi ya hapo, wewe utaacha uvuvi au utaendelea? Wa kaya maskini ndio waliokuwa wagumu zaidi kuacha, hata mavuno yakiporomoka vibaya. Mwenye uwezo kidogo ana pa kurukia. Asiye nacho anang'ang'ania kamba iliyo mkononi.

Na asing'ang'anie kwa nini? Uvuvi unalipa leo. Shamba linalipa mwisho wa msimu, likilipa. Uvuvi haudai hati ya kiwanja, wala cheti cha darasa la saba, wala mdhamini. Kijana anashuka kwenye basi Kigoma na begi moja mgongoni, na keshokutwa yuko majini. Lakini kutoka hakuna urahisi ule wa kuingia, kwa sababu wiki ya kwanza tu ameshakopa. Mwenye chombo amempa ya chakula, amempa ya kutuma nyumbani, mtoto alipougua akampa ya hospitali. Fedha hizo hazina riba ya kuandikwa. Riba yake ni kwamba mkopaji hawezi kuhamia chombo kingine, hawezi kukataa kutoka usiku wa upepo, na hawezi kuuliza mzigo wa jana uliuzwa shilingi ngapi hasa. Juu ya mwenye chombo kuna mfanyabiashara aliyemkopesha injini, naye anataka dagaa wote wauzwe kwake, kwa bei anayoipanga yeye. Ufukwe mzima umefungwa kwa uzi huo mmoja wa mikopo. Wizara inapotangaza kwamba ziwa limefungwa, inafunga kipato peke yake. Madaftari ya madeni yanabaki wazi.

Sasa tazama ushauri ambao mvuvi hupewa majukwaani kuhusu miezi hiyo mitatu. Akalime. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei. Uvuvi unafungwa Mei katikati. Mtu anaambiwa aweke kasia chini ashike jembe siku ambayo mvua ya mwisho imeshapita, kwenye shamba ambalo hana, kwa mbegu ambazo hajakopeshwa. Labda mwenye bonde la kumwagilia bustani atapata mboga. Wengine wote wanaambiwa wapande vumbi.

Ushauri wa pili ni vizimba. Hatuupingi ufugaji wa samaki, na kwa Ziwa Victoria umeanza kuonyesha sura yake. Lakini samaki wa kizimba huchukua takriban miezi sita hadi minane kufikia kuuzwa, na chakula chake ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya mtaji. Kibarua mwenye njaa ya Juni anapewa jibu litakaloiva Januari, kwa milioni za kuanzia ambazo hajawahi kuzishika. Anayefaidika na mkopo wa kizimba ni yuleyule mwenye chombo, kwa kuwa ndiye mwenye dhamana. Kwenye makongamano ya uchumi wa buluu jambo hili huitwa kipato mbadala. Mbadala wa nani, hakuna anayeuliza.

Kuna kundi jingine ambalo hata kwenye hotuba halitajwi: wanawake wanaonunua dagaa wabichi alfajiri, wakawaanika kwenye chanja au juu ya mchanga, wakawageuza kutwa, wakawauza wakiwa wakavu. Kazi yao inategemea jua. Masika dagaa huoza kabla hawajakauka, na mzigo mzima unaweza kwenda kwa wafugaji wa kuku kwa bei ya kutupa. Kiangazi ndicho msimu wao wa kupata. Na kiangazi, Mei hadi Agosti, ndicho kilichofungwa. Huenda biolojia ya samaki inadai miezi hiyo na si mingine. Wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) ndio wenye kauli hapo. Lakini mama wa chanja hana leseni ya uvuvi, hana namba ya chombo, kwa hiyo hayumo kwenye daftari lolote la walioathirika. Kwa kumbukumbu za Serikali, hakupoteza kitu.

Yupo aliyepata. Dagaa mkavu akihifadhiwa vizuri anakaa miezi. Aliyekuwa na mtaji wa kununua magunia Aprili na stoo isiyovuja hakuhitaji kufanya kazi yoyote zaidi ya kusubiri bei ipande, na bei ya bidhaa iliyozuiwa kuingia sokoni hupanda. Agosti ziwa linafunguliwa, kila chombo kinatoka kwa pupa, mzigo unamwagika ufukweni kwa wakati mmoja, na bei inashuka kwa faida ya mnunuzi huyohuyo. Amekula kuwili. Mvuvi amekaa bila kipato bei ikiwa juu, amerudi majini bei ikiwa chini. Hayo ndiyo matokeo ya soko kwa sheria iliyotungwa bila kulifikiria soko, na hakuna haja ya kumsingizia mtu njama.

Halafu kuna usiku ule wa kwanza wa kufungua. Kibarua ametoka kwenye siku 92 za kukopa: unga kwa mwenye duka, kodi ya chumba, ada, na juu ya yote, deni jipya kwa mwenye chombo aliyemlisha ili asikimbie. Dawa ya deni ni kulipa, na yeye hulipa kwa kitu kimoja tu, samaki. Atatoka hadi usiku wa mbalamwezi, siku ambazo kwa kawaida wavuvi wa dagaa hupumzika wenyewe kwa kuwa taa haivuti kitu mbele ya mwanga wa mwezi. Atakubali wavu wa macho madogo akiona unajaza ndoo upesi. Kilichookolewa kwa miezi mitatu kinaweza kuliwa kwa wiki chache, na anayekila anafanya hivyo akijua kabisa anachokifanya. Tunalitaka neno hili lisomeke vizuri Dodoma: mvuvi wa namna hii hahitaji elimu ya uhifadhi. Anazijua nyavu haramu kuliko ofisa anayezikamata. Anachokosa ni nafasi ya kuzikataa.

Ushahidi wa jambo hilo ulishatolewa kwenye ziwa hilihili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vijiji vya ufukwe wa Tanganyika ulionyesha jinsi kaya nyingi zilivyokuwa zikivua kwa vyandarua vya mbu, vile vilivyogawiwa bure ili watu wasiugue malaria. Watu walicheka na kulaani. Lakini pima chaguo lililokuwa mezani: wavu halali unaonunuliwa kwa fedha nyingi, na chandarua kilicholetwa mlangoni bila malipo. Mtu alichagua samaki wa jioni hiyo akabaki na mbu. Ni uamuzi mbaya kwa ziwa na mbaya kwa mwanawe mwenye homa, na bado ulikuwa na akili yake.

Hatuwapambi wavuvi. Kokoro ni haramu, na wanaolivuta ufukweni wakisomba vifaranga wanajua wanawaibia wenzao. Zipo pia fedha nyingi za mgawo zinazoishia kwenye vilabu vya mwaloni kabla jua halijawa kali. Lakini tuseme na upande wa pili wa jambo hili, maana msemo kwamba mvuvi hajui kuweka akiba umegeuka kisingizio cha kutomfanyia chochote. Kambi ya wavuvi ni mabanda ya nyasi na maturubai. Hakuna mlango wa kufunga wala sanduku la kuficha. Aliye na fedha taslimu usiku ana chaguo la kuibiwa, kukopwa au kuinywa. Siku hizi simu imeleta njia ya nne, na wengi wameishika. Atakaye akiba ya wavuvi aanzie hapo, si kwenye mahubiri.

Tuje kwa wenye mamlaka. Mwaka 1954 mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alieleza jambo ambalo kila mwalo unalithibitisha: pale ambapo yeyote anaweza kuingia kuvua, vyombo vitaongezeka hadi faida ya wote iishe, kwa sababu kila anayeona faida kidogo kwa jirani ataongeza chombo chake. Tangu hapo hakuna ofisa wa uvuvi aliyesoma chuo asiyelijua hilo. Vipi basi Serikali hiyohiyo inalifunga ziwa kwa kuwa wavuaji wamezidi, na wakati huohuo inapiga picha ikikabidhi boti za mkopo nafuu kama ishara ya maendeleo ya uvuvi? Boti mpya yenye injini kubwa si maendeleo kwa ziwa lililochoka. Ikitolewa bila kuondoa ya zamani, ni mzigo mwingine juu ya samaki walewale. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ichague moja.

Wala si haki kumbebesha mvuvi lawama yote ya kupungua kwa samaki. Utafiti wa tabaka za udongo wa chini ya ziwa, uliochapishwa mwaka 2016 na timu ya Andrew Cohen, ulionyesha kwamba idadi ya samaki ilianza kushuka kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katika miaka ya 1950. Sababu ni joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inabaki kwenye kina ambacho kwa Tanganyika kinafika karibu mita 1,470. Ziwa lenye rutuba kidogo linalisha samaki wachache. Uvuvi umekuja kuongeza maumivu juu ya ugonjwa uliokuwepo. Kibarua wa Kirando hakuupasha moto ulimwengu, lakini sehemu ya mapumziko anayolazimishwa ni malipo ya moto huo.

Wapo watakaosema dawa ni nguvu zaidi. Tumeshaionja hiyo. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, msako dhidi ya uvuvi haramu, ilipita Ziwa Victoria. Nyavu zikachomwa kwa malundo, faini zikatozwa, na Juni mwaka huo samaki wakapimwa kwa rula hadi kwenye mgahawa wa Bunge. Nchi ilicheka siku mbili tatu. Walioteketezewa nyavu walizokuwa wamezinunua kwa mkopo hawakucheka, kwa sababu moto ule ulichoma nyavu bila kuchoma deni. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi, wakaingiza jeshi ziwani mwaka 2017. Yapo waliyoyapata katika sangara, hatukatai. Lakini masharti kama lile la urefu wa chombo kisichopungua futi 28 yaliwatupa nje wenye mitumbwi midogo, na ziwa likabaki la waliokuwa na mtaji wa chombo kikubwa. Ukiwafukuza maskini samaki wanaweza kuongezeka kweli. Swali ni kama hiyo ndiyo nchi tunayoitaka, na kama waliofukuzwa watakubali kukaa mbali milele.

Zipo njia nyingine, na baadhi ziko hapahapa kwetu. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi michache, kisha kuufungua kwa siku waliyopanga wenyewe. Mfano huo ulitoka Andavadoaka, Madagaska, ambako kijiji kilianza mwaka 2004. Pweza hukua upesi, kwa hiyo mavuno ya siku ya kufungua huonekana kwa macho. Lakini siri ya kuvumilika kwake haiko kwa pweza peke yake. Ilifungwa sehemu, si bahari nzima. Mama wa mwamba aliendelea kuvua pembeni, na jioni sufuria haikulala tupu. Tunajua dagaa wa Tanganyika si pweza. Wanatembea, hawakai kwenye mwamba mmoja, na kufunga kipande kunaweza kusiwasaidie. Ndiyo sababu ziwa likifungwa lote, mzigo wake unakuwa mzito zaidi, na mzigo mzito hauwezi kuachiwa kaya moja moja.

Nchi zinazofunga uvuvi kwa dhati huwalipa wanaofungiwa. Brazili ina bima iitwayo seguro-defeso: mvuvi mdogo aliyesajiliwa hulipwa kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa kufungwa, na sheria yake ni ya mwaka 2003. Mpango huo umevamiwa na wavuvi wa karatasi wasiojua hata kuogelea, na sisi tujifunze kutokana na hilo badala ya kulifanya kisingizio. Bangladesh, nchi isiyo tajiri, hupiga marufuku uvuvi wa samaki aina ya hilsa kwa siku 22 za msimu wa kutaga na kutoa kilo 25 za mchele kwa kaya ya mvuvi. Kilo 25 hazimalizi shida. Zinatosha kumfanya baba asitoke usiku kwa wizi.

Tutaambiwa fedha haipo. Ipo, isipokuwa haijawahi kuhesabiwa kuwa ni ya mvuvi. Halmashauri za mwambao hukusanya ushuru wa samaki miezi tisa kwa mwaka. Kila kilo inayopita mizani ya mwalo imekatwa. Sehemu ya ushuru huo ikitengwa kuanzia Agosti, na mwenye chombo akikatwa kiasi kidogo kila usiku wa kazi, na Hazina ikaongeza kwa kiwango hichohicho, Mei itafika mfuko ukiwa na kitu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo ingesaidia, kama masharti yake yangemtambua mtu anayehama na samaki. Kikundi kinadaiwa makazi ya kudumu na barua ya mtendaji. Kibarua wa chombo mwaka huu yuko Karema, mwakani yuko Kasanga. Amefungiwa nje na karatasi.

Hatua ya kwanza kabisa haina gharama kubwa, nayo ni daftari. Leseni humjua mwenye chombo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimeweka utaratibu wa kusajili vyombo, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU) vipo mialoni. BMU inamjua kila anayelala kambini, nani anavuta wavu gani, mama yupi ana chanja ngapi. Kazi ya kuandika majina hayo haihitaji mshauri kutoka nje. Inahitaji kalamu, na ofisa atakayekaa mwaloni usiku mmoja au miwili. Majina yasomwe hadharani, wavuvi wa karatasi wataumbuliwa na wenzao palepale.

Kwa wenye vyombo tunasema hivi: mgawo usio na maandishi ni mgawo wa mwenye nguvu. Bei ya mzigo na gharama zilizokatwa viandikwe na kuonwa na vibarua kila asubuhi, na deni la chakula la miezi ya kufungwa lisitumiwe kumnyima mtu uhuru wa kubadili chombo. Mwenye chombo anayemlisha kibarua wake Juni anafanya jambo jema. Anayemlisha ili ammiliki Septemba, Serikali ina wajibu wa kumwingilia.

Kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, tunadai takwimu. Ziwa hili karibu asilimia 45 ni la Kongo na asilimia 41 la Tanzania. Burundi na Zambia zinagawana kilichobaki. Ufukwe mmoja ukipumzika na mwingine ukivua, mapumziko ya wa kwanza ni zawadi kwa wa pili, na kibarua wa Kigoma anaziona taa za ng'ambo usiku akiwa amekaa. Kila nchi itangaze, mwalo kwa mwalo, mavuno yalikuwaje kabla ya kufunga na yakawaje baada ya kufungua, kwa miezi sita mfululizo na si kwa wiki ya sherehe. Kama samaki wameongezeka, aliyelipa gharama ana haki ya kuonyeshwa risiti. Kama hawakuongezeka, ana haki zaidi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekadiria kwamba wavuvi wadogo hutoa angalau asilimia 40 ya samaki wanaovuliwa duniani, na kwamba kati ya watu kumi wanaoishi kwa sekta ya uvuvi wa kukamata, tisa wako kwenye uvuvi huo mdogo. Miongozo ya shirika hilo ya kuwalinda ilipitishwa mwaka 2014. Imebaki kuitekeleza mahali panaponuka samaki.

Hukumu yetu, basi. Kufunga Ziwa Tanganyika ni halali na kuendelee. Kulifunga bila fidia kwa vibarua na waanikaji dagaa ni dhuluma, na Wizara isirudie. Tangazo lolote la kufunga litoke likiwa na viambatanisho vitatu: orodha ya majina ya kila mwalo, kiasi cha unga au fedha kitakachomfikia kila aliyeandikwa, na tarehe ya kumfikia ambayo iwe kabla ya injini ya kwanza kufunguliwa. Mkuu wa mkoa atakayeshindwa kuonyesha viambatanisho hivyo hana sababu ya kutuma doria majini usiku huo, na atakayekamatwa na taa yake akivua dagaa wa kulisha watoto afikishwe mahakamani pamoja na ofisa aliyepaswa kumwandika.